Kigiriki na Kiswahili lao moja

Kuna watu wanapenda kusema Kiswahili ni maskini kwenye mambo ya mwendo, eti Mwingereza ana kitenzi kimoja cha kunyata, kingine cha kuchechemea, kingine cha kujikokota, sisi tunahangaika. Hebu waangalie Kigiriki kwanza, lugha ambayo hakuna anayethubutu kuiita maskini.

Mgiriki wa leo mtu akiingia mbio anasema bike trehontas, yaani kitenzi chenyewe ni kuingia, zile mbio zinafuata nyuma, na akiona hazina maana anaziacha. Ndo sisi kabisa! Kaingia mbio, katoka nduki, kapanda ngazi kwa kunyata. Kwao beno ni ingia, vyeno toka, aneveno panda, kateveno shuka. Waingereza, Wajerumani na Warusi ndo wanageuza, kitenzi kinabeba mbio halafu kuingia kunabaki kwenye kadude kadogo kanakobandikwa mbele au nyuma, kama "in" kwenye "run in" ya Kiingereza. Mwanaisimu Mmarekani Leonard Talmy ndo anajulikana kwa mgawanyo huu, na Kihispania na Kituruki viko upande wetu.

Ila Wagiriki wa kale nao walikuwa wanabandika bwana. Walichukua baino, kwenda, wakaweka ek- ikawa kutoka, kata- ikawa kushuka, na hata kukimbia walikubandika vilevile, eistrekho, kuingia mbio kwa neno moja. Baadaye ekbaino ikasagika ulimini mpaka ikawa vyeno, na leo ile ek- huioni tena, kimebaki kitenzi kizima.

Na wale wa "lugha yako ndo macho yako" wapunguze spidi. Mwaka 2008 mtafiti wa lugha Anna Papafragou na wenzake walichapisha utafiti, waliwaonyesha Wagiriki na wasemaji wa Kiingereza vikatuni huku wakifuatilia macho yao. Wakijiandaa kusimulia, Mgiriki macho yanawahi kule jamaa anakoelekea, wa Kiingereza anaangalia kwanza anaendaje. Wakiangalia tu bila kusimulia, mwanzoni macho yanatembea sawa.

Kinachoniudhi mimi ni hizi tafsiri za muvi za Kiingereza, neno kwa neno. Mwizi anaingia benki mbio, maandishi chini yanasema "alikimbia ndani ya benki". Alikuwa anafanya mazoezi humo au?