Kabeji Hazihitaji Turbo

Ukitaka kujua Nairobi ina mainjinia wangapi, ng'oa injini ya gari lako. Hata muuza njugu atakuambia uweke gani.

Pikapu yangu ni Hilux ya 1988, kazi yake kubeba kabeji kutoka Kinale hadi soko la Marikiti. Injini ya 2L ilipandisha joto, silinda hedi ikapasuka. Ugonjwa wa ukoo huo, kila fundi anaujua. Mimi nikasema nataka 3L. Ni ndugu yake wa tumbo moja, ila ina cc 2,779 badala ya 2,446, na inafungwa kwenye gia boksi ileile. Umeme wake nao hauna kiburi: waya mmoja wa solenoidi, ile inayofungua na kukata dizeli kwenye pampu, mwingine wa plagi za kupasha moto, kisha stata, alteneta, na vile vya kupima joto na oili. Basi.

Haya, nenda Grogan, kwa wauza vipuri vya magari, useme unataka 3L uone utakavyohurumiwa.

"Mzee, achana na mambo ya babu. Chukua 1KZ-TE, ina turbo!"

Turbo ya nini? Kabeji zina ndege ya kuwahi? Na hiyo 1KZ-TE pampu yake inaongozwa na kompyuta. Nikachungulia: waya zimekatwa kwa kisu, zinaning'inia kama matumbo ya mbuzi. Kompyuta iko wapi? "Iko kwa ndugu yangu, mtaa wa pili, anauza kando." Kufika kwa ndugu, kompyuta ni ya gari la otomatiki. Yangu ni ya gia. Ndugu akaniambia nisiwe mtu wa kutafuta makosa.

Mwingine akaniletea injini ya lori, stata imeandikwa volti 24. Namwambia pikapu ni volti 12, ananijibu, "Si unaongeza betri moja tu, mkubwa?" Na taa, na redio, na kila balbu, nazo niziongezee nini?

Mwishowe 3L ikapatikana. Namba ya injini imo kwenye logibuku, kwa hiyo risiti ya muuzaji nimeifungia pamoja na vyeti vya ubatizo vya watoto.

Akaja fundi wa umeme na rola moja ya waya. Mwekundu. Stata mwekundu, taa mwekundu, honi mwekundu. "Kijana wangu, kesho utajuaje upi ni upi?" Akajigonga kichwani: "Zote ziko hapa, mzee." Sasa kila kichwa hicho kikienda mashambani kuzika, gari langu nalo liko matangani.

Siku ya kuwasha, nikazungusha ufunguo, stata ikaguna, nikasikia harufu ya plastiki. Kumbe hakuna aliyerudisha ule mkanda wa ethi wa kuunganisha injini na chasi. Umeme wa stata ukatafuta njia ya kurudi kwenye betri, ukaiona kebo ya eksileta, ukapita hapo hapo. Kebo ikaiva, ganda likayeyuka, tone moja likaangukia kiatu changu cha Jumapili. Fundi wa injini akasema hiyo ni kazi ya umeme. Fundi wa umeme akasema mkanda unafungwa kwa spana, na mwenye spana si yeye. Kebo nikanunua mimi, nisiye na spana wala waya.

Leo inanguruma vizuri, sikatai. Tatizo ni kuizima. Solenoidi ya pampu imeungwa kwenye waya ambao haulali, kwa hiyo natoa ufunguo, nautia mfukoni, na injini inaendelea na kazi zake. Pale Marikiti nakanyaga breki, natia gia ya nne, naachilia klachi, inatetemeka mpaka inakata roho, na makuli wananipigia makofi.

Nikampigia simu yule kijana. Akacheka.

"Mzee, hiyo ni kinga. Mwizi akiiba, ataizimaje?"

Kisha akauliza lini namalizia salio lake.