Ankara ya kompyuta, muhuri wa wino

Lori la unga lilifika nyuma ya supamaketi moja ya Nairobi saa kumi na mbili asubuhi, likiwa na marobota 120. Mpokeaji akahesabu, akakuta matatu yamechanika, akaandika kwa kalamu pembeni ya hati ya mzigo: "3 zimerudi". Akagonga muhuri. Enzi za karatasi mambo yangeishia hapo, karani wa mauzo angekata matatu kwenye ankara na kudai 117. Ila duka hilo lilikuwa limeshawahamishia wauzaji wake kwenye mfumo wa kubadilishana hati kwa kompyuta, na ankara ya 120 ilitumwa lori likiwa bado njiani. Mfumo ukasoma 117 zilizopokelewa, ukaona hesabu hazilingani, ukaikataa ankara nzima. Karani, ambaye ni rafiki yangu wa siku nyingi, alikuja kujua baada ya wiki tano, alipopiga simu kuulizia hela. Zile siku 60 za kusubiri malipo zikaanza kuhesabiwa upya.

Kama yeye ndiye angeandika uchambuzi huu, ungeishia kwenye aya hiyo. Mimi naona mfumo nao una haki ya kusikilizwa.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kutuma picha ya LPO, yaani hati ya agizo la ununuzi, kwa barua pepe au WhatsApp sicho kinachozungumzwa hapa, maana upande wa pili kuna mtu ataifungua na kuichapa upya, na akichapa 1,200 badala ya 120, lori la pili litakuja bila kuitwa. Ubadilishanaji wenyewe ni pale agizo linapotoka kwenye mfumo wa mnunuzi na kuingia kwenye mfumo wa muuzaji bila kidole cha mtu kupita katikati. Mizizi yake huelezwa kuanzia Berlin, mwaka 1948 na 1949, ndege zilipokuwa zikilisha mji uliozingirwa na kila shehena ikija na orodha ya mtindo wake. Mwanajeshi wa Marekani, Edward Guilbert, na wenzake wakabuni orodha moja ambayo ingeweza kutumwa hata kwa teleksi. Mwaka 1987 Umoja wa Mataifa ukapata kiwango chake, EDIFACT, ambacho kila hati imepewa jina lisilozidi herufi sita. Ndiyo maana ankara humo inaitwa INVOIC, kama neno la Kiingereza "invoice" lililokatwa mkia.

Faida kubwa kwa muuzaji mdogo, kwa maoni yangu, wala si kasi. Ni kifo cha ile sentensi maarufu ya ofisi za uhasibu: "Ankara yenu hatujaiona." Karatasi ilimpa mdaiwa mahali pa kujificha. Hati ikipita kwenye mfumo, saa na dakika ya kupokelewa zimeandikwa. Hata rafiki yangu, pamoja na hasira zake, anakiri kwamba tangu wahame hajaambiwa tena alete nakala ya tatu.

Tatizo linaanza unapouliza mfumo ni wa nani. Viwango vya pamoja vipo, lakini mnunuzi mkubwa huchagua anachotaka, na muuzaji hufuata. Mwenye kuuzia maduka matano anajikuta na tovuti tano, nywila tano na namna tano za kuandika kifurushi kilekile cha kilo mbili. Huko kwa mkubwa kweli ni kompyuta tupu. Huku kwa mdogo ni msichana wa ofisini anayechapa hadi saa mbili usiku. Kazi ya kuchapa haikufa, ilihama tu, na mshahara wake ukahamia kwa asiye na nguvu ya kukataa.

Serikali nayo imeingia. Tangu Januari 2024, gharama ya biashara nchini Kenya kwa kawaida haikubaliwi kwenye hesabu ya kodi ya mapato bila ankara ya eTIMS, mfumo wa mamlaka ya ushuru, KRA. Wanunuzi wakaanza kuwakwepa wakulima wasio nayo. Mwishoni mwa 2024 sheria ikalegezwa: kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 5, mnunuzi aweza kumtolea ankara. Ni nafuu ya kweli, sipingi. Lakini itazame vizuri: anayedaiwa ndiye anayeandika deni.

Na mkubwa mwenyewe hayuko salama. Juni 2017 virusi vya NotPetya vilisambazwa kupitia programu ya uhasibu ya Ukraine, M.E.Doc, jina linalomaanisha "hati yangu ya kielektroniki". Viliiangusha Maersk, kampuni ya meli, malori yakajipanga nje ya bandari kwa sababu hakuna aliyejua kontena lipi ni la nani. Hasara ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na 300. Nakala nzima ya orodha kuu ya mtandao wao ilipatikana Ghana, kwenye ofisi ambayo umeme ulikuwa umekatika virusi vilipopita. Sisi tunaolaani kukatika kwa umeme tuna haki ya kucheka kidogo.

Pamoja na hayo yote, ningekuwa mwenye kiwanda cha unga ningehamia, maana mnunuzi akishahama, kubaki na karatasi ni kubaki na unga. Ila kabla ya kutia sahihi ningetaka mambo mawili kwenye mkataba: ankara ikikataliwa nijulishwe siku hiyohiyo, na kiasi kisichobishaniwa kilipwe kwa tarehe ileile ya awali. Mzozo wa marobota matatu usiyafunge yale 117.

Mwezi uliopita duka lile liliongeza kisanduku cha mzigo uliorudishwa kwenye mfumo wake. Rafiki yangu anakijaza kila siku. Na kila siku anamwambia dereva asiondoke pale bila muhuri.