Mwacheni abashiri, msimwambie

Ngamiani bado yapo maduka ya muvi ambako unaacha flashi yako asubuhi, jioni unaichukua ikiwa na msimu mzima wa tamthilia. Kwa njia hiyo Once Upon a Time, tamthilia ya Marekani iliyojengwa juu ya ngano za kale, inaendelea kuingia sebuleni kwetu Tanga ingawa huko kwao ilishakwisha. Kituo cha ABC kilianza kuirusha Oktoba 2011 na kikaifunga Mei 2018, misimu 7 yenye sehemu 155. Kwa mtazamaji wa Chumbageni aliyemaliza msimu wa tatu juzi, tarehe hizo hazimhusu. Msimu wa nne kwake ni kesho, na kesho hiyo anaibashiri kwa bidii ileile waliyokuwa nayo Wamarekani mwaka 2014.

Ubishi unaanzia hapo. Mmoja anatazama huku anatangaza: huyu atakufa, yule ndiye baba wa mtoto. Mwenzake anamkatiza: hebu nyamaza, unatumalizia uhondo. Na pembeni yuko wa tatu, ambaye alishatazama mpaka mwisho au alishaingia intaneti kusoma, naye anawashwa kumwaga ubuyu. Watu wengi humweka wa kwanza na wa tatu kapu moja, wote wakaitwa waharibifu. Mimi naona hawafanani hata kidogo, na anayewachanganya anamdhulumu yule wa kwanza.

Nitalazimika kutaja mambo ya misimu miwili ya kwanza, mwisho wa msimu wa tatu, na machache kuhusu msimu wa sita na wa saba. Ambaye hajafika huko aiweke makala hii kiporo.

Kwa asiyeijua kabisa, kisa ni hiki. Malkia Regina, kwa kinyongo cha miaka mingi dhidi ya Snow White, anawalaani watu wote wa nchi ya ngano. Wanajikuta Storybrooke, mji mdogo wa jimbo la Maine, wamesahau wao ni nani. Emma, binti wa Snow White aliyeokolewa akiwa kichanga, ndiye atakayeivunja laana atakapofikisha miaka 28. Anayempeleka huko ni Henry, mtoto aliyemzaa na kumtoa alelewe na wengine, akaangukia kwa Regina huyohuyo. Karibu kila sehemu inakwenda kwa njia mbili, ya leo mjini na ya zamani kwenye ngano. Umbo hilo lenyewe linakuchokoza ubashiri. Unaonyeshwa chuki kabla ya kosa lililoizaa, unaonyeshwa deni kabla ya mkopo. Ukikaa kimya usikisie chochote, nusu ya kazi ya waandishi inakupita.

Sasa mtazame mtu wa Tanga anavyobashiri, maana hapa ndipo pananivutia zaidi. Mtazamaji wa Ulaya au Marekani amekulia kwenye ngano hizi, kwa hiyo anamtambua mhusika kwa tufaha, kwa kiatu, kwa gurudumu la kusokotea uzi. Kwetu Snow White na Cinderella tunawajua kiasi, lakini Rumplestiltskin, mchawi wa mikataba, wengi tunakutana naye mara ya kwanza humuhumu. Hata hivyo mama mmoja ninayemfahamu hakumkosea. Ni sehemu ya nne ya msimu wa kwanza: Cinderella anataka kwenda kwenye dansa, Rumplestiltskin anamwekea mkataba mbele, naye anatia saini bila kuuliza bei. Mama yule akaweka kikombe chini. "Huyo kauza mtoto," akasema. Mwanawe akamwuliza, "Mama, umejuaje na mimba yenyewe hana?" Akajibu: anayekupa kitu kikubwa halafu akakwambia malipo tutazungumza baadaye, hataki pesa.

Na mtoto ndiye aliyekuwa bei. Mama yule hakusoma popote. Alitumia alichokuwa nacho, yaani habari za masharti ambazo mtu wa pwani anazisikia tangu utotoni: fulani alikwenda kwa mganga akatajirika, akapewa sharti, akalivunja, kikaondoka alichokuwa anakipenda. Tamthilia yenyewe ina kauli inayorudi kila mara, kwamba uchawi wowote una gharama yake. Kwa mtu wa kwetu kauli hiyo ni kanuni anayoingia nayo mlangoni, hata kabla mhusika hajaitamka. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema ubashiri ni kelele. Ule ulikuwa usikivu wa hali ya juu.

Hata hivyo wanaotaka ukimya wana hoja nzito, na nitaieleza kwa nguvu zake. Mtu akishabashiri, analipenda kisio lake. Kuanzia hapo hatazami tena hadithi, anakagua kama inamtii. Ikimtii anasema nilijua. Ikimkatalia anasema waandishi wameharibu. Tamthilia hii ilikuwa na makambi ya namna hiyo kuhusu mume wa Emma: waliomtaka Neal, mpenzi wake wa zamani, waliomtaka Kapteni Hook, yule haramia, na hata waliosema Emma na Regina ndio wanaostahiliana. Harusi ya Emma na Hook ilipokuja msimu wa sita, waliokuwa kambi nyingine waliipokea kama dhuluma waliyofanyiwa wao binafsi. Hilo ni tatizo la kweli. Mtu anaweza kujenga hadithi yake kichwani kwa miaka kadhaa, akaishia kuichukia ile aliyoikalia kitako kuitazama.

Kuna na hoja ya adabu. Sebule ya Tanga haina mtazamaji mmoja. Wapo watoto, yupo shangazi, yupo jirani aliyekuja kwa sababu kwake luku imekata. Ukisema kisio lako kwa sauti na likawa sahihi, umewanyang'anya wote mshtuko ambao wangeupata baada ya robo saa. Hawakukuomba.

Hoja ya kwanza naikubali nusu, ya pili naikubali yote, lakini dawa yake ni ndogo: sema kisio lako sehemu ikiisha, usiseme katikati. Hakuna sababu ya kulikataza kabisa.

Nusu ninayoikataa ni ile inayodhani kisio zuri hulenga shabaha tu. Chukua habari ya Neal. Msimu wa pili tunamwona August, ambaye ndiye Pinocchio, akimfungulia Neal sanduku lililo kwenye pikipiki yake. Sisi hatuonyeshwi kilichomo. Neal anatazama, uso unabadilika, papo hapo anayaamini maneno ya mtu asiyemjua na kumwacha Emma. Ni kitu gani kingemfanya mtu amwamini mgeni kwa kutupa jicho mara moja? Mwenye kutega sikio anaanza kuhesabu: huyu lazima anatoka kulekule kwenye ngano, na mtoto aliyepotea kule tunayemjua ni mmoja, Baelfire, mwana wa Rumplestiltskin. Jibu lilitolewa Februari 2013, sehemu ya 14 ya msimu huo, na ndivyo ilivyokuwa. Aliyebashiri hakupoteza chochote, kwa sababu alipokuwa anajua, Rumplestiltskin alikuwa bado hajui. Alikaa akimtazama baba akifika kwenye jengo la New York kumtafuta mwanawe, huku roho yake mtazamaji ikimtangulia mlangoni. Taharuki ilihama kutoka "ni nani" kwenda "watatazamana vipi." Naiona ya pili kuwa bora kuliko ya kwanza.

Ngano zetu zinalijua hilo siku nyingi. Kisa cha Sultani Darai, ambacho mmisionari Mwingereza Edward Steere alikiandika Unguja na kukichapa mwaka 1870, kinasimuliwa na wengi waliokwisha kukijua. Paa aliyenunuliwa na masikini Hamdani anamtafutia bwana wake nguo, nyumba na mke, binti wa sultani. Kisha paa anaugua, na Hamdani, yule aliyetolewa jaani, anaamuru mgonjwa apikiwe uji wa mtama. Msikilizaji anajua paa atakufa na Hamdani ataamkia jaani. Bado kila mara anatamani safari hii bwana yule ainuke aende kumtazama mgonjwa. Kujua mwisho hakujamzuia kutamani.

Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, naye alicheza na kisio la msomaji kwa ustadi katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952. Mjumbe wa mfalme anamwona Adili, mtu anayesifiwa kwa wema, akiwapiga viboko manyani wawili usiku, kisha akisikitika mwenyewe. Mwandishi hamwelezi msomaji hapo hapo. Anamwacha abashiri: mtu mwema anapigaje mnyama? Na msomaji aliyelitazama jina la kitabu vizuri ameshapewa ufunguo, kwa kuwa nduguze Adili lazima wawe mahali fulani. Shaaban Robert hakuuficha ufunguo ule. Aliuweka juu ya jalada, na ndiyo heshima aliyompa msomaji wake.

Kwa upande wa mtoboaji, yule wa tatu anayemwaga siri, mambo ni tofauti. Storybrooke ya kwenye runinga ilipigwa picha Steveston, kijiji cha wavuvi kilicho Richmond, British Columbia, huko Kanada. Ni mtaa halisi wenye maduka halisi yaliyobadilishwa mabango, kwa hiyo mashabiki walisimama kando ya barabara na kamera zao. Wakaona nani kavaa nini na nani kasimama na nani, picha zikasambaa. Kuanzia hapo hukumu inatoka nje ya hadithi. Huulizi tena Emma anastahili nini, unauliza mwigizaji alionekana kazini wiki ile au hakuonekana. Mfano mkubwa ni Mei 2017, pale Jennifer Morrison, aliyemwigiza Emma, alipotangaza kwamba hataendelea kama mwigizaji mkuu msimu wa saba. Hakuna aliyehitaji kubashiri tena kama hadithi itabaki kwa Emma. Mkataba ulishajibu. Aliyelijua hilo aliuona mwisho wa msimu wa sita kama karamu ya kuaga, hata pale ambapo ndani ya hadithi hapakuwa na kwaheri.

Wataalamu nao wamevutana. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa chuo kikuu cha California, San Diego, walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watu walioambiwa mwisho wa hadithi fupi kabla ya kuzisoma walizifurahia zaidi. Mwaka 2015 Benjamin Johnson na Judith Rosenbaum wakaleta matokeo yanayokwenda kinyume: kutobolewa siri kulipunguza burudani. Watoboaji wa mjini hupenda kuushika ule wa kwanza. Lakini kusoma hadithi fupi kikaoni na kuwafuata watu walewale kwa misimu 7 ni mambo mawili. Kwenye tamthilia ndefu, muda wa kungoja nao ni sehemu ya mchezo, na huo ndio mtoboaji anaouchukua.

Yapo mazingira ninayomtetea hata yeye. Mzazi akiuliza kama sehemu inayofuata ina mambo ya kumtisha mtoto wa miaka sita, mwambie wazi. Mtu mwenye bando la kuungaunga akitaka kujua kama msimu fulani unastahili pesa yake, mwambie. Wote hao wameuliza wenyewe.

Nikirudi kwa yule wa Chumbageni, amesimamia mahali pazuri kupita pote. Mwishoni mwa msimu wa tatu chombo kilicholetwa kutoka zamani kinamwaga kimiminika sakafuni, kimiminika kinainuka na kuwa mwanamke wa gauni la bluu tunayemwona kwa mgongo tu, akavua glavu na barafu ikatoka mkononi. Mmarekani wa Mei 2014 alimjua bila kuambiwa, kwa sababu Frozen ya Disney ilikuwa imeanza kuonyeshwa Novemba 2013: huyo ni Elsa, malkia wa barafu wa katuni hiyo. Watoto wetu wenye katuni hiyo nao watapiga kelele jina lake. Watu wazima wengi watasema ni jini, kwani ni nani mwingine hufungiwa ndani ya chombo? Na kutokana na kisio hilo wanauliza moja kwa moja mambo ambayo mtoto aliyetosheka na jina hakuyafikia: nani alimfungia, alikosa nini, na akishatoka atamdai nani. Maswali hayo ndiyo msimu wa nne unaokuja kuyafanyia kazi. Mwenye huo msimu kwenye flashi yake anaweza kukaa nao pale sebuleni, akawasikiliza wakibishana mpaka usiku, na akisukumwa sana aseme tu kwamba duka linafunguliwa asubuhi.