Kuku Hawafi Kwenye Andiko la Biashara

Katika shahada ya biashara kuna masomo mawili yanayokaa jirani kwenye ratiba, menejimenti na ujasiriamali. La kwanza wanafunzi hulibeba kama zigo la kukariri. La pili ndilo lenye makofi, wageni waalikwa wanaosimulia walivyoanza na mtaji wa laki moja, na maonesho ya sabuni za maji chini ya turubai. Mimi naona tumeyapindua. Menejimenti ndiyo inayostahili ada ya mzazi. Ujasiriamali, kama unavyofundishwa sasa, ukipunguzwa nusu hakuna duka hata moja Moshi litakalojua.

Nayasema haya nikiwa upande wa pili wa meza. Shahada hiyo nilisoma, na sasa ni afisa mikopo kwenye SACCOS moja, chama cha akiba na mikopo, hapa mjini Moshi. Kazi yangu ni kuzichungulia biashara za watu kabla hawajapewa fedha: wauza mchele wa Mbuyuni, watu wa mitumba wa Memorial, wafugaji wa kuku wa Pasua na Rau, akina mama wanaoshusha ndizi kutoka Marangu na Kibosho. Nimewaona waliofaulu na waliopotea, na kwa nadra sana tofauti yao ilikuwa wazo la biashara.

Tuanze na andiko, maana ndilo moyo wa somo la ujasiriamali. Wanafunzi wanapangwa kwenye makundi, wanatafuta wazo, wanaandika mpango wa biashara ambayo haipo. Itakuwa juisi ya matunda, uyoga, parachichi, au kuku. Mauzo ya mwaka wa kwanza yanakadiriwa, ya mwaka wa pili yanapanda kwa asilimia 20, ya mwaka wa tatu vilevile, na hakuna anayeuliza kwa nini isiwe 7. Kwenye andiko kuku hawafi. Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, hakijawahi kuingia kwenye banda lile. Chakula cha kuku hakipandi bei, mwenye nyumba hadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na yule mteja wa "nitakulipa Jumamosi" hajazaliwa bado. Majedwali yamenyooka, jalada la plastiki linang'aa, alama zinatolewa. Mwaka unaofuata andiko lilelile linarudi kwa mhadhiri likiwa na majina mengine, na kuku wamegeuka sungura.

Wahitimu huniletea maandiko hayo hayo mezani. Nayasoma kwa heshima, kisha nauliza mzigo uliopo dukani leo una thamani gani, nani unamdai, nani anakudai, na daftari la mauzo ya miezi mitatu liko wapi. Hapo ndipo mazungumzo yanapokatika. Kamati yetu ya mikopo haikopeshi majedwali.

Sasa niseme kinachoua biashara, kwa sababu hapa nina mengi. Chukua mama mwenye duka lililochangamka. Januari ada ya watoto inatoka kwenye droo. Februari kuna msiba Rombo, nauli na rambirambi zinatoka kwenye droo. Machi rafu zina mapengo, na Aprili anakuja kwangu kukopa "kuongeza mtaji." Mtaji alikuwa nao. Ameula polepole, kwa sababu hajawahi kujipangia mshahara, hivyo kila hitaji la nyumbani ni halali kwa droo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefundishwa katika vipindi vya mwanzo kabisa vya uhasibu kwamba biashara na mwenye biashara ni watu wawili tofauti vitabuni. Ameandika hivyo kwenye mtihani. Ila hajawahi kukaa na mama huyu akamwonesha, kwa Kiswahili cha dukani, kwamba elfu kumi ya kila siku kwa matumizi ya nyumbani, iliyoandikwa, ina nafuu kuliko elfu ishirini ya leo na arobaini ya kesho zisizoandikwa.

Au chukua kijana wa Arusha anayepeleka mboga kwenye loji za watalii. Kila mtu anamwonea wivu. Tuseme anauza mzigo wa 300,000 kwa wiki, naye ameununua kwenye masoko ya Tengeru na Kilombero kwa 240,000, taslimu. Faida ni 60,000. Lakini loji inalipa baada ya siku 60. Kabla hundi ya kwanza haijatoka, atakuwa amenunua mboga za wiki nane hivi, yaani shilingi 1,920,000 kutoka mfukoni mwake, na bado kuna mafuta ya pikipiki. Akipata loji ya pili ya ukubwa uleule, anahitaji nyingine kama hizo. Kijana huyu anaweza kufilisika huku akipata faida kila wiki, na huku simu ikiita kwa oda mpya. Hesabu hiyo inafundishwa darasani, kwenye mada ya mtaji wa kuzungushia. Kwenye somo la ujasiriamali anaambiwa atafute soko. Soko kalipata, na ndilo linalomnyonga.

Kodi nayo. Mtu binafsi mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 lakini si zaidi ya milioni 7 kwa mwaka, kwa viwango vya kodi ya makadirio, analipa 100,000 akiwa hana kumbukumbu za mauzo. Akiwa nazo, analipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4. Mwenye mauzo ya milioni 6 basi atalipa 60,000 badala ya laki nzima. Daftari la elfu mbili limemwokolea elfu arobaini. Sijawahi kuona bango la kongamano la vijana lenye habari hiyo, pengine kwa kuwa haipigiwi makofi.

Wanafunzi hunijibu kwamba menejimenti ni nadharia za wazungu waliokufa zamani. Fayol, wanasema, na zile kanuni zake 14. Sawa, Henri Fayol alikufa zamani, lakini hakuwa mtu wa maktaba. Alikuwa mhandisi wa migodi ya makaa ya mawe Ufaransa, akakabidhiwa kampuni iliyokuwa taabani mwaka 1888, akaiongoza kwa miaka thelathini, na kanuni zake zikachapishwa 1916 zikitoka kwenye kazi hiyo. Moja inasema mfanyakazi apokee amri kutoka kwa mkubwa mmoja. Wanaikariri kama shairi. Nenda sasa kwenye duka lolote la familia hapa mjini. Binti wa kaunta anaambiwa na mama asikopeshe mtu. Saa nne baba anapita na rafiki yake, "mpe bati tano, tutaandikiana." Mchana mtoto wa kwanza aliyerudi kutoka chuoni anapanga upya bei. Jioni hesabu hazilingani, anafukuzwa binti. Fayol angeuelewa mgogoro huo kabla hajakaa kwenye kiti, na mwanafunzi wetu angeuelewa pia kama kuna mtu angemwambia kwamba kanuni ile inahusu duka la shangazi yake.

Na mji wenyewe una kumbukumbu ya jambo hili. Wakulima wa kahawa wa mlimani waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikaja KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro. Tunapenda kuisimulia kama hadithi ya ujasiri, na ujasiri ulikuwepo. Lakini fikiria kazi yenyewe. Mkulima wa Machame analeta kilo zake chama cha msingi, zinapimwa, zinachanganywa na za jirani, zinakobolewa, zinauzwa mnadani Moshi, kisha fedha zinatakiwa zirudi kwa mkulima yuleyule kwa kilo zilezile, awamu ya kwanza na ya pili. Stakabadhi ikipotea, au mizani ikidanganya, hakuna ushirika tena. Ndiyo maana mwaka 1963 kilifunguliwa hapa Chuo cha Ushirika, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi: vyama vilihitaji watendaji wanaojua kuviendesha. Serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976, mibuni haikung'olewa. Kilichovunjwa ni utaratibu, na hata baada ya sheria ya 1982 kuvirudisha vyama, kuujenga upya haikuwa kazi ya kutamka tu.

Hoja ya upande wa pili naijua, na si ya kubeza. Ajira hazitoshi. Vijana wanaitwa usaili kwa maelfu kugombea nafasi chache, kwa hiyo vyuo vinasema afadhali tuwafundishe kujiajiri. Kweli. Ila kumwambia mtu ajiajiri bila kumfundisha kuendesha kitu ni kumhamishia lawama. Akifeli, ataambiwa hakuwa na moyo wa kijasiriamali.

Hapa Kilimanjaro tuna uvivu mwingine wa fikra, ule wa kusema biashara iko kwenye damu ya Mchaga. Damu haijui kupiga hesabu. Mtoto wa mfanyabiashara wa Kiboriloni alikaa kaunta tangu darasa la nne, akimwona mama yake anavyomkatalia mtu mkopo bila kumpoteza mteja. Alishasoma menejimenti kabla hajafika chuoni, bila kuambiwa inaitwa hivyo. Mwenzake aliyetoka kwa wazazi wakulima, au watumishi wa umma, hajakaa kiti kile. Chuo kingeweza kumpa kiti hicho. Badala yake kinampa kongamano.

(Nikumbushe pia kwamba anayeweza kulifikisha bumu la mkopo mpaka bumu linalofuata, bila kukopa chipsi kwa mangi wa dukani, ameshafaulu nusu ya kozi. Na ile kazi ya kundi ambayo mmoja anaandika na wengine wanaongeza majina ni mazoezi halisi kabisa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, inapita kwenye vikundi, na vikundi vinavunjwa na mtu huyohuyo wa kuongeza jina.)

Ninachotaka si kigumu. Andiko la kubuni lifutwe, na kila mwanafunzi apewe biashara moja iliyo hai kwa muhula mzima. Ahesabu mali siku ya kwanza na siku ya mwisho. Aandike kila deni. Atafute fedha zinavujia wapi, amweleze mwenye duka, na mwenye duka aulizwe kama ameelewa. Mhadhiri asahihishe daftari.

Kuna kikwazo, nacho ni kikubwa. Mfanyabiashara wa Mbuyuni hamwoneshi mtu baki vitabu vyake. Anaogopa TRA, watu wa kodi, anaogopa mshindani wa kizimba cha pili, na wengine wanaogopa mume au mke. Barua ya chuo yenye mhuri itamwogopesha zaidi. Njia naiona kwenye VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, na SACCOS, ambako wanachama tayari wanafungua vitabu vyao kwa watu wanaowaamini. Mwanafunzi aingie kwa mlango huo, akitanguliwa na mwenyekiti wa kikundi, si na barua. Asiyepata aanzie kwa ndugu yake, ingawa nakiri ndugu ndiye mgumu kuliko wote.

Mafunzo kwa vitendo, yale tunayoyaita fildi, yangetosha kuanzia. Kwa sasa wengi wanaletwa maofisini kutoa nakala na kupanga mafaili, kwa sababu ofisi inafanana na ajira. Wanaoletwa kwangu nawatoa nje: tunakwenda sokoni, wanakaa kizimbani, wanahesabu magunia. Mwishoni nawajazia fomu ya chuo. Ina nafasi ya mavazi, ya nidhamu, ya kuwahi kazini, na ya mahusiano na wafanyakazi wengine. Haiulizi popote kama kijana ameshika daftari la mtu. Wahadhiri mnaosoma hapa, fomu hiyo ni ukurasa mmoja tu, na haihitaji kikao cha seneti kuongezwa mstari.