Kabla ya kumwongezea mzee kidonge, mwaga mfuko wake wa dawa

Mama yangu mkubwa alianza kwa kurudia habari moja mara tatu asubuhi ileile. Baadaye akawa anapotea njia ya kurudi kutoka sokoni. Aliandikiwa donepezili, dawa ya kusaidia kumbukumbu, nasi tukajibana tukainunua. Miezi ikapita, usahaulifu ukazidi, hadi siku nilipomwaga mfuko wake mezani: donepezili, amitriptilini ya miguu inayowaka moto kwa kisukari, na klorofenamini, kile kidonge cha njano cha mafua, alichokuwa akimezeshwa kila usiku apate usingizi.

Seli za ubongo hupelekeana habari kwa kemikali, na inayohusika sana na kumbukumbu na umakini ni asetilikolini. Kwa mgonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu polepole, seli zinazoitengeneza hufa kwa wingi. Mwaka 1976 Peter Davies na mwenzake Maloney, wakiwa Edinburgh, walionyesha kwamba katika ubongo wa waliofariki na ugonjwa huu, kimeng'enya kinachounda asetilikolini kimepungua mno. Utafiti wa namna hiyo ndio uliozaa dawa. Takrini iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, lakini ilidhuru ini, ikaachwa. Donepezili ikafuata mwaka 1996.

Donepezili haileti asetilikolini mpya. Inazuia kimeng'enya kinachoivunja, ili ile kidogo iliyobaki idumu. Seli zinaendelea kufa, kwa hiyo anayeiuza kama tiba ya kuponya anadanganya watu. Lakini wanaosema ni pesa za kutupa, sikubaliani nao hata kidogo: mzee akiweza kufunga vifungo vyake mwenyewe kwa miezi kadhaa zaidi, anayemuuguza anajua thamani yake.

Sasa turudi mezani. Amitriptilini na klorofenamini huziba mahali palepale asetilikolini inapopokelewa. Asubuhi tulikuwa tunamwongezea mjumbe, usiku tunamfungia mlango. Kuna na oksibutinini, ya kuzuia mkojo wa mara kwa mara, nayo hufanya vivyo hivyo. Na donepezili yenyewe inaweza kuleta mkojo huo, mzee akaandikiwa dawa ya kupingana na dawa yake.

Hili linaniuma. Aliyetibu miguu alitazama miguu, aliyetibu usahaulifu akatazama usahaulifu. Cha usingizi tulikinunua sisi wenyewe duka la dawa, kwa mapenzi, bila kumuuliza mtu.

Daktari alikiondoa kile cha njano, na amitriptilini akaipunguza taratibu, kwa kuwa si dawa ya kukatizwa ghafla. Mama mkubwa bado anasahau. Ila mchana hasinzii tena kitini, na majina ya wajukuu wawili yamerudi.

Ukimpeleka mzee wako kliniki, beba mfuko mzima, pamoja na dawa za kikohozi na za usingizi zisizo na cheti, kisha uliza kwa sauti: katika hizi, ipi inazuia asetilikolini?