Bibi na Boxer

Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, jua la Moshi lile la kuchemsha maji ndani ya ndoo, mshkaji wangu akanipigia asubuhi ananiambia vaa tunaenda Chemka kuogelea, nimeazima pikipiki ya shemeji, Boxer. Mi nikavaa tisheti nyeupe mpya. Nyeupe jamani, na najua kabisa ukishaacha lami pale Boma Ng'ombe kushuka Chemka ni vumbi tupu, lile unalitafuna.

Lami ilikuwa safi, mlima umefunguka, Kibo yote inaonekana, jamaa anaimba. Boma tukasimama tunywe soda, akainama chini ya tenki akafanyafanya mambo yake, nikasema huyu ndo dereva sasa, anakagua. Tukaendelea. Haikufika hata kilomita mbili pikipiki ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima.

Piga kiki, kimya. Piga kiki, kimya.

Sasa huyu jamaa amepanga chumba jirani na gereji, kwa hiyo anajiona fundi. Akasema ni plagi. Akaichomoa ya moto vilevile, akaungua, akanyonya kidole, plagi ikadondoka kwenye vumbi, akaivuta tisheti YANGU akaifutia. Ikatoka mstari mweusi kifuani kama nimepigiwa kura. Tukairudisha, kimya. Tukatikisa tenki, petroli ipo, chwa chwa chwa. Akasema basi tumeuziwa maji kule sheli. Tukaanza kusukuma, mimi nyuma yeye kashika usukani anatoa maelekezo, na bodaboda wanatupita wanatupigia honi wanacheka.

Kama nusu saa hivi tukakutana na bibi mmoja ana mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mkubwa kuliko yeye.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu. Imekufa?"

"Imekufa bibi, plagi imeungua," jamaa anajibu kitaalamu kabisa.

Bibi hakutua mzigo. Shingo imenyooka vilevile akachuchumaa taratiiibu, akapeleka vidole viwili chini ya tenki, akageuza kitu. Tik. "Koki ya petroli mmefunga," akasema, "marehemu babu yenu alikuwa nayo Honda." Jamaa akapiga kiki moja tu, ikanguruma.

Nikamgeukia. Nani kafunga koki? Ati baba yake alimfundisha ukipaki lazima ufunge, petroli isivuje. Sawa, na kufungua hakufundishwa? Kimya, anaangalia mlima.

Bibi naye mjanja, akasema haya nipelekeni nyumbani, ni hapo tu. Wakaondoka wawili na majani yao, mimi nikaachwa chini ya mgunga ambao kivuli chake kinatosha mbuzi mmoja, na mbuzi mwenyewe alishawahi.

Nimekaa pale karibu saa nzima. Mara namwona kwa mbali, anakuja mdogomdogo, mlio wa injini sisikii. Nikasimama niangalie vizuri. Anaisukuma, jasho linamtoka, mtindi umemganda juu ya mdomo.

"Plagi tena," akasema.

Nikainama nikachungulia chini ya tenki.