Hekta 1,500 za Mlima Elgon na watu wa Mosop

Mazungumzo ya Mlima Elgon, ulioko mpakani mwa Uganda na Kenya, yakianza, iwe kwenye kikao cha wilaya au ndani ya matatu inayopanda kutoka Mbale kwenda Kapchorwa, haichukui muda kabla neno "wavamizi" halijatamkwa. Wanaokusudiwa ni Wabenet, wafugaji wa asili wa nyika ya juu ya mlima huo. Madai yenyewe ni kwamba wameingia hifadhini kwa nguvu, ng'ombe wao wanamaliza nyasi za juu, moto wao unaunguza mimea isiyopatikana penginepo, na siku watakapoondolewa wote mlima utapona. Nimeyasikia hayo kwa watu ninaowaheshimu, watu wanaoupenda mlima huu kwa moyo wote. Ndiyo maana nataka kuyapima taratibu.

Anayeufahamu mlima kwa maporomoko ya Sipi na mashamba ya kahawa tu hajafika anakozungumziwa Mbenet. Kutoka Kapkwata unapita misonobari iliyopandwa kwa mistari, unaingia msitu wa asili wenye mbega na ndevu za kuvu zinazoning'inia, unakatiza mianzi, halafu ghafla miti inakwisha. Kuanzia hapo, mita 3,000 na ushee juu ya usawa wa bahari, hadi ukingo wa kreta na kilele cha Wagagai chenye mita 4,321, ni nyika ya baridi: mashungi ya nyasi ngumu, vijito vya maji yanayouma vidole, mabonde yenye matope meusi yanayonyonya maji kama sifongo. Wabenet wenyewe wanapaita Mosop, na wao ni Mosopisyek, watu wa Mosop. "Ndorobo" ni jina walilobandikwa na wengine.

Asubuhi moja niliinama juu ya lobelia pembeni mwa njia ya Piswa. Majani yake yamejipanga mviringo kama bakuli, na ndani ya bakuli mlikuwa na maji yaliyoganda juu kwa barafu nyembamba kama kioo. Nilipoivunja kwa kidole, chini yake maji yalikuwa bado maji, na kichipukizi kilikuwa salama. Karibu yake ulisimama ule mti mnene unaofanana na kabichi iliyowekwa juu ya nguzo, ambao wataalamu wanauita dendrosenesio. Majani yake yakifa hayadondoki, yanabaki yameuvika shina kama blanketi, na usiku yale mabichi ya juu hujifunga kukinga kichipukizi, kisha jua likitoka yanafunguka. Kila kilichoota pale kimejifunza namna ya kuivumilia baridi. Juu yetu alizunguka tai mwenye ndevu, yule anayeangusha mifupa juu ya miamba ipasuke apate uboho, ndege ambaye Uganda ina sehemu chache sana za kumwona.

Mzee aliyetuongoza, mwenyeji wa Kwosir, hakumtazama tai. Alikuwa anatafuta kitu majanini. Alipokipata aliniita, "Kijana, njoo uone." Ni mawe, yamepangwa nusu duara, yamefunikwa na nyasi. "Hapa ndipo boma la ndama wa baba yangu lilipokuwa."

Boma la ndama, kwenye urefu ambao vitabu vya watalii vinauita pori lisilokaliwa na mtu.

Serikali ya kikoloni ilipoufanya mlima huu kuwa msitu wa hifadhi katika miaka ya 1930, iliwakuta watu hawa huko juu. Walikuwa na ng'ombe na mbuzi, walirina asali, waliwinda, wakashuka kubadilishana vitu na Wasabiny waliokuwa wakilima chini. Chumvi ya mifugo waliipata mapangoni, ambako ukuta wa mwamba wenyewe hulambwa. Tembo wa upande wa Kenya hufanya vivyo hivyo katika pango la Kitum. Wakoloni waliwaruhusu kubaki, kwa ruhusa ya mdomo inayoweza kufutwa. Shida nyingi za baadaye zimetokana na ruhusa hiyo isiyoandikwa.

Mwaka 1983 serikali iliamua kuwashusha. Kulikuwa na sababu mbili: kulinda msitu, na uvamizi wa wezi wa mifugo ambao miaka ile uliwatoa watu wengi makwao huku Sebei, nchi ya Wasabiny. Zikatengwa hekta 6,000 katika ukingo wa msitu, katika eneo linaloitwa leo Benet, wagawiwe viwanja. Ugawaji ulianza kabla mpaka haujapimwa sawasawa, na viwanja kadhaa vikaishia mikononi mwa watu wasio Wabenet kabisa, wakiwemo wenye vyeo. Miaka 10 baadaye, mwaka 1993, mlima ulipopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa, wapimaji walipita na vifaa vyao wakakuta ardhi iliyokaliwa ni hekta 7,500. Wakachora mpaka kwenye 6,000. Waliokuwa ndani ya hekta 1,500 zilizozidi walilala wakiwa wakulima wenye viwanja vya serikali, wakaamka wakiwa wahalifu.

Naomba tusimame kwenye namba hiyo, kwa sababu watu huitaja wakaipita. Hekta 1,500 ni kilomita 15 za mraba. Chukua upande mmoja kilomita 5 na mwingine 3, na mama mwenye mzigo wa kuni anavuka upande mfupi kwa saa moja hivi. Hifadhi upande wa Uganda ina kilomita za mraba zipatazo 1,121. Kwa hiyo ugomvi uliochukua zaidi ya miaka 30, uliojaza faili za mahakama na kulaza watoto mapangoni, unahusu hekta moja na kidogo katika kila hekta 100 za hifadhi. Na kosa la kipimo halikuwa la aliyepewa kiwanja. Aliyeshika kamba ya kupimia ndiye aliyekosea, lakini aliyelipa ni yule aliyesimama mwisho wa kamba.

Mahakama haikukaa kimya. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004 dhidi ya Mwanasheria Mkuu na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, na tarehe 27 Oktoba 2005 Mahakama Kuu mjini Mbale ikatoa hukumu ya makubaliano. Ilitamka kwamba Wabenet wa maeneo yaliyotajwa ni wakazi wa kihistoria na wa asili wa ardhi iliyofanywa hifadhi, na kwamba wana haki ya kukaa humo na kulima bila kubughudhiwa. Neno "makubaliano" lina uzito wake hapa: pande zote ziliridhia. Hata hivyo, Februari 2008 nyumba zilibomolewa na watu wakafukuzwa. Amnesty International iliporudi kwenye suala hili katika ripoti yake ya Novemba 2021, wengi walikuwa bado katika makazi ya muda, vibanda vya udongo na nyasi, wasiruhusiwe kujenga cha kudumu.

Sasa upande wa pili. Una hoja, na hoja zake si za kubuni.

Elgon ni mnara wa maji. Mito ya Sipi, Sironko na Manafwa inaelekea Ziwa Kyoga. Suam inatoka ndani ya kreta yenyewe, inapita kwenye chemchemi za maji moto, inageuka Turkwel na kumalizikia Ziwa Turkana. Upande wa Kenya kuna Nzoia inayolisha Ziwa Victoria. Yale matope meusi ya nyika ndiyo tangi. Ng'ombe wengi wakiyakanyaga, na moto wa kuotesha majani mapya ukipita kila kiangazi, tangi linapasuka, na maji yanayopaswa kushuka mwaka mzima yanashuka siku moja. Askari wa hifadhi anayeona moshi juu ya Piswa ana sababu ya kukasirika. Vilevile ni kweli kwamba miaka ya 1970 na 1980, utawala ulipovunjika, mlima huu ulipigwa shoka kila upande na wanyama wakawindwa bila huruma. Tembo wakatoweka upande wetu na kuhamia ng'ambo. Bila ulinzi mkali ulioanza 1993, sijui kama leo kungekuwa na msitu wa kubishania.

Kuna pia hoja ya mfano mbaya. Ukiwafungulia Wabenet leo, kesho watakuja majirani wa Bududa na Namisindwa, ambako watu wamebanana kuliko karibu popote mashambani Uganda, nao watauliza kwa nini mababu zao hawahesabiwi. Afisa wa hifadhi anayeogopa swali hilo hana roho mbaya. Anajua ana mpaka mmoja na mamia ya vijiji yanayougusa. Na swali la nani hasa ni Mbenet si jepesi, hasa baada ya viwanja vya 1983 kuchukuliwa na wasiohusika.

Nakubali yote hayo. Hata hivyo kuna kitu ninaona hakiulizwi. Ni nani aliyekata msitu wa Benet? Kabla ya 1983 watu hawa walikuwa wafugaji wa nyika, juu ya mstari wa miti, mahali ambapo mahindi hayaoti hata ukiyabembeleza. Serikali iliwashusha ikawaweka ndani ya msitu na kuwaambia walime. Mtu aliyepewa kipande cha msitu na kuambiwa aishi kwacho atakifanyia nini? Aliangusha miti, akapanda mahindi na viazi. Leo ukisimama barabarani Kaproron ukatazama juu, zile ekari za viazi ambazo wengi wanazionyesha kwa kidole kama ushahidi wa uharibifu wa Wabenet zilikuwa msitu mpaka mpango wa kuhifadhi msitu ulipofika. Mimi hilo linaniumiza kila ninapopita. Tuliwaondoa mahali walipokuwa hawahitaji shoka, tukawapa shoka, kisha tukawashtaki kwa kulitumia.

Vivyo hivyo kwenye maporomoko ya ardhi. Kila mlima unapoteremka, kama ulivyoteremka Nametsi, Bududa, Machi 2010 na kufukia mamia ya watu, lawama huenea mlima mzima, na katika lawama hiyo Mbenet humezwa pamoja na wengine. Lakini Bududa ni upande mwingine wa mlima, miteremko mikali iliyolimwa kizazi baada ya kizazi. Mfugaji wa Mosop hakuwa na jembe pale. Kumfukuza Mbenet kutoka Teriet hakuushikilii udongo wa Bududa hata kidogo.

Anayetaka kujua kama watu na nyika wanaweza kukaa pamoja hana haja ya kwenda mbali. Avuke Suam. Upande wa Kenya, Chepkitale, ndugu zao Waogiek wanaishi kwenye nyika ileile, baridi ileile. Wamejiandikia kanuni zao: ukulima wa biashara marufuku, kuchoma makaa marufuku, na wanaoshika doria ni vijana wao wenyewe. Nao waliwahi kufukuzwa; ardhi yao ilifanywa hifadhi mwaka 2000. Mwaka 2022 mahakama ya ardhi na mazingira huko Bungoma iliwapa haki. Kabla ya hapo, mwaka 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilishaamua kesi ya Waogiek wa Mau dhidi ya Kenya na kukataa hoja kwamba uhifadhi wa msitu ulitosha kuhalalisha kuwafukuza. Hapa kwetu Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi wa kuwaunga mkono Batwa, watu wa asili wa misitu ya kusini-magharibi, mwaka 2021. Mwelekeo wa sheria katika ukanda huu unaonekana wazi.

Sisemi Chepkitale ni paradiso. Idadi ya mifugo huongezeka, vijana hutaka fedha, na kanuni ya wazee huvunjwa kama kanuni nyingine. Ndiyo sababu ninatenganisha mambo mawili ambayo kwenye mijadala yetu hufungwa kwenye kifurushi kimoja. Ardhi ya makazi, zile hekta 1,500, haihitaji utafiti mwingine wala tume nyingine. Mpaka usogezwe kufuata hukumu ya 2005, viwanja viandikwe kwa majina ya wenye haki ya kweli, na aliyejipatia kwa cheo atolewe. Malisho ya nyika ni suala jingine, na hapo sauti ya UWA inapaswa kuwa nzito: ng'ombe wangapi, bonde lipi lipumzike, mwezi gani moto ni mwiko kabisa. Hayo yanajadiliwa na mtu aliyetambuliwa kuwa mwenyeji. Mtu anayekimbia askari na ng'ombe wake usiku hawezi kusaini kanuni ya malisho, na akiiona cheche haendi kutoa taarifa.

Tuliposhuka na yule mzee tulikutana na doria, vijana wawili wa UWA, mmoja akizungumza Kupsapiny, lugha ya huku Sebei. Walisalimiana kwa heshima, wakaulizana habari za mvua. Yule kijana alitaka kujua moto wa mwaka uliopita ulianzia bonde lipi. Mzee alijua. Alimtazama, akatazama chini kwenye viatu vyake, akajibu kwamba hakuona kitu.